Miezi saba nilimfungia mdogo wangu chakula cha shule bila chumvi, ili siri yangu isijulikane

Wakuu, salamu kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni bibi wa watu. Naandika kwa kidole kimoja, na miwani yenyewe imefungwa na uzi sikioni, kwa hiyo mtanivumilia. Haya niliyaishi mwenyewe. Pale kumbukumbu inaponikimbia nitasema hapa sikumbuki, sitajazia kwa kutunga.

Nimesoma ule uzi wa akina mama wanaofundishana kufunga lunch box za watoto. Matango yamekatwa kama maua, mayai yamewekewa macho. Nimecheka, na nimependa kweli.

Halafu mmoja akaandika: "Jamani, chakula cha shule ni kitu kidogo, tusikuze mambo."

Siku hiyo usingizi wangu wa mchana ulipotea. Ndiyo maana niko hapa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kwetu Mtua, upande wa Nachingwea. Wazungu wa mradi wa karanga walikuwa wameshafyeka misitu, wameshashindwa, na wengi wameshaondoka. Wametuachia matrekta yenye kutu na makopo. Kila nyumba ilikuwa na makopo yao, ya maji, ya unga, ya kupimia.

Mama yetu alikuwa amefariki. Kabla hajafa alikohoa muda mrefu, kisha akavimba miguu. Shikeni hilo la kukohoa na kuvimba, maana ndilo limebeba habari yote.

Nyumbani tukabaki watatu: Bibi mzaa mama, mimi, na mdogo wangu Somoe. Bibi macho yake yalikuwa yameingia ukungu, jiko hawezi tena. Mpishi nikawa mimi.

Sisi ni Wamwera, na kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Kwa hiyo mwenye neno la mwisho juu yetu alikuwa Mjomba Hassani, kaka yake mama, aliyekuwa akilima Mbwemkuru. Naomba mapema msimchukie. Hakuwa mtu mbaya.

Shule ilikuwa mwendo wa saa nzima na zaidi kwa miguu. Mimi nilikuwa darasa la nne, Somoe darasa la kwanza. Nilikuwa na miaka kama kumi na tano, msishangae, enzi hizo watu walianza shule wakubwa.

Mwisho wa darasa la nne ulikuwepo mtihani. Ukifaulu, unakwenda shule ya kati, ya bweni. Ukianguka, unarudi shambani. Wasichana kwenye darasa letu tulikuwa wawili tu, na mimi nilitaka kuwa mwalimu. Sikuwa na ndoto nyingine. Hiyo moja ilinitosha.

Sasa Somoe.

Tangu mama azikwe, mtoto yule hakuwa anakula. Alikonda mpaka kwapa zikawa mashimo. Ukimpa muhogo wa kuchemsha anaugeuza, anaurudisha. Nikagundua kitu kimoja: anakula kwa macho kwanza. Kikimpendeza, mkono unakwenda wenyewe.

Basi nikaanza kumfungia chakula cha kupendeza. Niwape na ninyi, huenda kitamfaa mtu.

Jani la mgomba usilitumie bichi, litapasuka. Libabue juu ya moto, upande mmoja kisha wa pili, mpaka ling'ae na kulainika. Hapo hata ukilikunja mara nne linatii.

Ugali wa muhogo ukipoa unakuwa jiwe. Ukande ungali moto pamoja na karanga zilizotwangwa, fanya matonge madogo kama mayai ya kanga, kisha yaviringishe kwenye ufuta uliokaangwa. Saa sita mchana bado laini. Kando weka kunde, au kisamvu kilichokauka vizuri kisivuje. Juu weka kipande cha papai au embe, kimefungwa jani lake peke yake ili maji yake yasiharibu vingine.

Tonge moja lilikuwa na ufuta mweupe, lingine mweusi. Somoe aliyaita "kanga na mwanawe". Alikula. Mashavu yakaanza kurudi.

Mwalimu wetu alikuwa kijana kutoka mbali, huko kaskazini, na aliamini chakula kama wengine wanavyoamini hirizi. Kila mchana alitupanga barazani, kila mtu anafungua jani lake, anataja alichokuja nacho. Yeye anaandika kwenye daftari. Hiki kinajenga mwili, hiki kinatia nguvu, hiki kinazuia maradhi.

Akifika kwa Somoe anasimama.

"Haya, bibi harusi wa matonge, leo kuna nini?"

Darasa zima linacheka, na Somoe anajibu kwa sauti kubwa, kifua mbele.

Hizo zilikuwa siku nzuri. Hazikuwa nyingi.

Kisha nikavunja ungo.

Nawaeleza wa mbali na wadogo. Kwetu wakati ule, msichana akipata siku zake za kwanza anawaambia wakubwa. Wakubwa wanamwita kungwi. Anawekwa ndani, anafundwa, anatolewa kwa ngoma, na haichukui muda mrefu kabla hajaolewa. Mwali akishawekwa ndani harudi shule. Hakukuwa na sheria ya serikali iliyosema hivyo. Hakukuwa na haja.

Kwa hiyo sikumwambia mtu. Mtihani ulikuwa mbele yangu, nilijiambia nitaficha mpaka niufanye. Nikifaulu na jina likishatoka, watasitasita kunizuia.

Vitambaa nilijua pa kuvifulia. Bibi haoni. Kilichonishinda ni chumvi.

Kwetu mwanamke aliye kwenye siku zake hatii chumvi kwenye chungu. Atapika kila kitu, lakini chumvi atamwita mtoto mdogo aitie. Akitia yeye, walisema, wanaokula watapata kikohozi, na miguu itavimba.

Kukohoa na kuvimba, wakuu. Mama yangu alikufa hivyo hivyo.

Ninyi mtasema ni imani tu. Na mimi nasema hivyo leo. Lakini nilikuwa binti wa miaka kumi na tano, nimekalia mkeka ule ule aliofia mama, mbele yangu kuna mtoto mwenye shingo kama ya njiwa, na mkononi nina chumvi. Sikuweza. Nilijaribu asubuhi ya kwanza, vidole vikakataa kufunguka.

Nimwite Somoe aitie? Somoe angesema. Asingekusudia, lakini alikuwa mtoto wa kusema. Na mtu mzima yeyote akisikia "leo dada kaniita nitie chumvi", habari imekwisha.

Nikakaa mbele ya mafiga nikifikiri. Ndipo ikanijia: kuna vyakula havitaki chumvi.

Siku hizo nne tano nikawa namfungia vitamu. Viazi vitamu vilivyopondwa na asali ya msituni. Ndizi mbivu zilizochomwa, zimenyunyiziwa karanga. Boga lililochemshwa likakaushwa, juu ufuta. Siku zikiisha tunarudi kwenye kunde na kisamvu kama kawaida. Bibi na mimi tulikula hayo hayo, na Bibi alifurahi kwa sababu meno yalikuwa yameshamwacha.

Mwezi wa kwanza ulipita. Wa pili ukapita. Nikajiona nina akili kuliko kijiji kizima.

Ikafika miezi saba. Zilibaki wiki tatu tu kabla ya mtihani.

Hapo Mwalimu akaitisha mkutano wa wazazi.

Walikuja wengi, wanaume mbele, wanawake nyuma kwenye mikeka. Bibi alikuja ameshikwa mkono na Bi Salima, ambaye ndiye alikuwa kungwi wa upande wetu, mama mwenye sauti nzito na macho yasiyopitwa na kitu. Mjomba Hassani alitoka Mbwemkuru kwa baiskeli. Sisi wanafunzi tulisimama ukutani.

Mwalimu akazungumza juu ya vyoo, juu ya mahudhurio. Kisha akafungua lile daftari.

"Wazazi wangu, nataka niwaonyeshe msichana mmoja mwenye mpango. Hana mama, lakini anamlisha mdogo wake kuliko ninyi nyote mnavyowalisha wenu. Msinikasirikie."

Watu wakacheka. Mimi nikainamisha kichwa, nimejaa fahari. Nawaambia ukweli, nilijaa fahari.

Akaanza kusoma.

"Viazi vitamu na asali, bila chumvi. Ndizi na karanga, bila chumvi. Boga na ufuta, bila chumvi. Siku nne, siku tano. Halafu anarudi kwenye kunde. Mwezi unaofuata, tena! Viazi vitamu, bila chumvi. Ndizi, bila chumvi. Kila mwezi anampumzisha mtoto chumvi siku zile zile. Hata mimi sikufundisha hili!"

Kicheko kilikuwa kimekatika, yeye hakuona.

Wanaume walitazama miguu yao. Nyuma kule wanawake walikuwa kimya, kimya cha watu wanaohesabu.

Bi Salima akasema, taratibu kabisa, "Mwalimu, samahani baba. Hebu rudia hiyo miezi."

Naye kwa furaha akarudia. Mwezi kwa mwezi, yote saba. Nilimwona Bi Salima akikunja vidole, kimoja kimoja, mpaka mkono ukaisha akaingia wa pili.

Akasimama. Akavua kanga ya juu, akaja mpaka ukutani, akanifunika kichwa.

Kigelegele kilichopigwa siku ile sijasikia tena kingine kama kile. Wanawake wote waliinuka. Bibi alikuwa akilia kwa furaha, anapapasa hewani akinitafuta: "Mjukuu wangu amekua, na mimi kipofu sikuona! Nipelekeni kwa mjukuu wangu!"

Nikiwa ndani ya giza la kanga nilisikia mtu anapiga makofi peke yake.

Alikuwa Mwalimu. Alidhani wameupenda mpango.

Sikurudi darasani hata kuchukua kibao changu.

Siku mbili baadaye Mwalimu alikuja nyumbani. Nadhani kuna mtu alikuwa amemweleza. Mimi niko chumbani, ukuta ni wa udongo na fito, kila neno linapita.

"Mzee Hassani, ni wiki tatu tu. Mwachie afanye mtihani, kisha mila zenu ziendelee. Nakuomba kama mwanao."

Mjomba akajibu, "Mwalimu, mwali akishajulikana haonekani nje. Asingejulikana, angekuwa darasani kwako mpaka leo, na mimi nisingeuliza. Lakini umemtaja wewe, mbele ya watu wote."

"Sikujua, Mzee."

"Najua hukujua. Hatukulaumu, umetuletea habari njema." Nikasikia akisogeza mkeka. "Karibu ule."

Mwalimu hakula. Nilisikia hatua zake zikienda mpaka zikaisha.

Ya ndani sitayasema, si ya kusemwa humu. Nitasema moja tu: mwali kwetu hali chumvi mpaka atolewe. Kwa hiyo nilikula chakula kisicho na chumvi, siku baada ya siku, na kila tonge lilinikumbusha.

Kila Bibi akija nilimuuliza, "Somoe anapeleka nini shule?"

"Anapeleka, anapeleka."

Nikajua hapeleki kitu. Nani angembabulia jani? Na wiki ya mtihani ilipofika nilimsikia Somoe uani, asubuhi, anapeta mtama. Saa za shule, na yeye yuko uani. Nikajua naye ameacha.

Siku niliyotolewa kulikuwa na ngoma, nguo mpya, mafuta, watu wengi. Somoe akapenya katikati yao, ameshika kifurushi cha jani. Jani lilikuwa bichi, limepasuka kila upande, limefungwa kwa kamba ya mgomba mafundo matatu.

Ndani mlikuwa na kunde. Niliweka kinywani, ulimi ukawaka. Ilikuwa chumvi tupu.

"Nimetia mimi mwenyewe, Dada," akasema. "Nimetia nyingi."

Alikuwa analia mpaka kwikwi. Nilidhani amenikumbuka. Nikazila zote mbele yake, mpaka ya mwisho.

Nikamwambia, rudi shule wewe, angalau wewe. Akasema, "Kule siendi." Nilimbembeleza, Bibi akambembeleza, Mjomba alifikia hata kumtishia fimbo. Hakusema sababu. Hakurudi.

Nikaolewa Ruangwa. Naye alipokua akaolewa huko huko, jirani na mimi.

Miaka mingi baadaye, kisomo cha watu wazima kilipoanza, walitafuta mtu anayejua kusoma awafundishe wanawake wenzake. Kwa hiyo chaki niliishika, wakuu, sijanyimwa kabisa. Nilifundisha mama wa watu wengi kuandika majina yao. Somoe alikuwa akinisindikiza mpaka mlangoni, anakaa nje, anasuka ukili wa mikeka mpaka nimalize. Ndani hakuingia hata siku moja. Nilikuwa namwambia, mdogo wangu, herufi haziumi. Anatabasamu tu.

Na lile la chumvi? Nilipokuwa na watoto wangu, siku moja sikuwa na wa kumwita. Nikatia mwenyewe. Hakuna aliyekohoa. Nikatia tena mwezi uliofuata. Hakuna aliyevimba. Mama yangu aliugua tu, kama watu wanavyougua. Ile siri yote ya viazi na asali, ile miezi saba, haikumkinga Somoe na kitu chochote. Ningeweza kutia chumvi siku ya kwanza nikaenda zangu kwenye mtihani.

Nilidhani hilo ndilo chungu kuliko yote. Nilikosea.

Mwaka huu Somoe ameugua presha. Daktari amemkataza chumvi. Kwa kuwa anaishi na wajukuu tu, nikaenda kumpikia. Nikampondea viazi vitamu, nikamnyunyizia ufuta, nikamwekea mbele.

Akaonja. Akaweka kijiko chini.

"Dada, ni mimi niliyemwambia Mwalimu."

"Ulimwambia nini?"

"Kila akiniuliza kuna nini leo, nilikuwa nasema viazi, ndizi, halafu namnong'oneza sikioni, na havina chumvi. Kila mara. Nilikuwa nakusifia. Nilitaka ajue dada yangu anaweza kupika kitamu bila chumvi. Yeye asingeonja, angejuaje? Aliandika kwa sababu yangu."

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Miaka yote hii, sikuwahi kujiuliza Mwalimu alijuaje.

"Vigelegele vilipopigwa," akasema, "wenzangu niliokuwa nakaa nao wakaniambia, umemtoa dada yako shule. Basi na mimi nikaona sistahili."

Alikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Alijihukumu siku ile, na kifungo amekitumikia mpaka uzee, nje ya mlango wa darasa langu, akisuka ukili.

Nilimwambia huna kosa. Nilimwambia mara nyingi, kwa lugha zote mbili, ya kwetu na hii. Anasema, "Unanipoza tu, Dada."

Wakuu, somo ninaloweza kulitoa ni dogo. Mnapofungua lunch box ya mtoto, kumbukeni kuna mkono ulioifunga. Mkiona chakula kimebadilika, muulizeni kwanza mwenye huo mkono, faraghani, kwa upole, kabla hamjamsifia wala kumsema mbele za watu. Na watoto wadogo wakinyamaza ghafla, msiseme watasahau. Hawasahau, wanakuwa wazee nayo.

Kwa aliyesema ni kitu kidogo, sijakukasirikia, mama. Endelea kukata matango yako.

Uwanja ni wenu sasa. Ila nina ombi. Somoe hajui kusoma, kwa hiyo kesho mchana nitakaa naye nimsomee kila mtakachoandika hapa chini. Mwenye nafasi amwandikie kwa jina, amwambie hakuwa na kosa.

Mimi nimeshamwambia, haniamini. Huenda akawaamini ninyi msiomjua.